Michezo ya Video: Kufundisha Bila Kuchosha

(Mazungumzo yaliyopita redioni mjini Kamina katika kipindi cha amani. Yameandikwa jinsi yalivyosemwa, na kufupishwa pahali pachache.)

Jambo kwenu mlio hapa mjini Kamina, jambo kwenu mlio katika vijiji vya kando ya reli, na jambo kwa wale ambao redio yao imewekwa juu ya meza ya duka na wanasikiliza huku wakipima unga. Leo hatutaongea juu ya mashamba wala juu ya ugomvi wa mipaka. Tutaongea juu ya michezo. Najua kuna mzazi ambaye amekwisha kusema: “Michezo? Hayo ni mambo ya watoto.” Ngoja kidogo, papa. Usizime redio.

Pahali popote penye jenereta au paneli ya jua na televizio, utakuta watoto wamejazana jioni, kila mmoja na franga zake mkononi, wakingoja zamu ya kucheza mpira wa video. Wengine wanachezea katika telefoni ya kaka yao. Na katika michezo ile mingi ni ya bunduki: unakimbia, unapiga, adui anaanguka, unapata pointi. Mtoto yule yule aliyesinzia darasani saa nne asubuhi anaweza kukaa saa tatu mbele ya kioo kile bila hata kuomba maji ya kunywa.

Kwa nini? Na je, inawezekana kutengeneza mchezo wa namna ile ile, unaomshika mtoto vile vile, lakini ukamfundisha hesabu, au kusoma, au kuishi na jirani? Hilo ndilo swali letu. Nalileta katika kipindi cha amani kwa sababu nchi yetu inajua vizuri namna mtoto anavyoweza kuvutwa. Mwaka 1996 na 1997 tuliona kadogo wakipita, watoto waliobeba bunduki ndefu karibu sawa na wao. Hakuna aliyewavuta kwa kuwasomea kitabu cha masomo. Waliwekwa ndani ya jambo, wakapewa kazi, wakapewa cheo, wakaambiwa kwamba wanaweza. Watu wa vita walijua siri hiyo zamani. Sisi watu wa amani bado tunakuja na karatasi ya sheria kumi na mbili, tunaisoma kwa sauti moja, kisha tunashangaa kwamba watoto wametoroka.

Tuanze na kitu tunachokijua. Wazee wetu wana mchezo wa kisolo. Watu wa pwani wanauita bao, na kule Rwanda wanauita igisoro. Mashimo katika safu, mbegu mkononi. Unachukua mbegu za shimo moja, unazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na kama zimeishia pahali pazuri, unakula mbegu za mwenzako. Mtoto anayecheza kisolo anafanya hesabu tangu mwanzo mpaka mwisho. Anahesabu zake, anahesabu za mwenzake, anakisia zitaishia wapi. Akikosea hesabu, analiwa. Hakuna mwalimu anayesimama pembeni na kumwambia: “Umefanya vema, sasa jibu swali la kuongeza.” Hesabu yenyewe ndiyo nguvu ya kula. Ukiiondoa hesabu, hakuna mchezo tena.

Lishike neno hilo. Watengenezaji wengi wa michezo ya kufundisha wamelipoteza. Wao wanachukua somo, wanalipaka rangi za mchezo. Mtoto anaruka juu ya jiwe, anakimbia, halafu ghafla kila kitu kinasimama na kioo kinauliza: “Saba mara nane ni ngapi?” Akijibu, anaruhusiwa kukimbia tena. Hiyo ni kinini iliyopakwa sukari. Mtoto analamba sukari, akifika kwenye kinini anatema. Na watoto wanatambua haraka sana, haraka kuliko sisi wakubwa.

Jambo hili limepimwa. Kule Uingereza, mtu mmoja anayeitwa Jacob Habgood, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza michezo ya kuuzwa madukani, alitengeneza mchezo wa kufundisha kugawanya. Ndani yake kuna mifupa inayotembea, kila mmoja na namba kifuani. Mtoto ana silaha mbalimbali, na kila silaha ni namba ya kugawanya. Ukikutana na mfupa wenye namba 15, silaha ya 2 haitausaidia mkono wako, lakini ya 3 au ya 5 itauvunja. (Ndiyo, ni silaha tena, na hiki ni kipindi cha amani. Hilo nitalirudia.) Kisha akatengeneza mchezo wa pili, mifupa ile ile, mbio zile zile, lakini namba zimeondolewa ndani na maswali ya kugawanya yamewekwa mwishoni mwa kila hatua. Yeye na mwenzake Shaaron Ainsworth wakatangaza matokeo mwaka 2011. Watoto waliocheza ule wenye hesabu ndani walijifunza zaidi. Na walipoachwa huru wachague wenyewe, walikaa katika mchezo huo muda mara saba kuliko ule wa maswali ya mwishoni. Mara saba!

Mtangazaji: Mwalimu, samahani. Lakini sisi hapa hatuna mashine za namna hiyo. Picha zao ni nzuri sana, zinatembea kama sinema. Si picha ndizo zinazovuta watoto?

Unauliza vizuri, dada. Nitakujibu kwa habari ya mwaka 1971, kule Minneapolis, Marekani. Kijana mmoja, Don Rawitsch, alikuwa katika mazoezi ya ualimu, anafundisha historia. Alitaka watoto waelewe safari ya watu waliohama na magari ya kukokotwa na ng’ombe kwenda magharibi. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walijua kuandika programu, na katika muda wa juma mbili hivi wakamtengenezea mchezo unaoitwa The Oregon Trail. Basi, mashine ile haikuwa na kioo hata kidogo. Ilikuwa kama mashine ya kupiga chapa: inaandika maneno juu ya karatasi, mtoto anaandika jibu. Umenunua chakula kiasi gani? Ng’ombe wako amekufa, utafanya nini? Hakuna picha hata moja. Watoto wakawa wanapanga mstari kungoja zamu. Baadaye mchezo huo ulisambaa katika masomo ya nchi nzima, ukapata picha, ukauzwa kwa mamilioni.

Kwa hiyo kilichowavuta ni kitu kingine: kwamba nimeamua mimi, na sasa naona matunda ya uamuzi wangu. Nilitumia franga zote kununua risasi, sasa watoto wangu wanaugua na sina dawa. Mwalimu angeweza kusema jambo hilo kwa saa nzima lisiingie.

Kabla hatujauacha mchezo huo, niseme jambo moja la amani. Kwa miaka mingi ulisimulia safari kwa macho ya waliohama tu, siyo kwa macho ya wenyeji wenye nchi. Mwaka 2021 kampuni ya Gameloft ilipoutengeneza upya, iliwaita wanahistoria kutoka jamii za wenyeji wa Marekani ili wasaidie kurekebisha. Kila mchezo una mtu aliyesimama katikati na mtu aliyesahauliwa pembeni. Atakayetengeneza mchezo hapa kwetu ajiulize mapema nani amesahauliwa.

Na wasichana ndio wanaosahauliwa kwanza. Mwaka 1980 mtafiti mmoja Mmarekani, Thomas Malone, alichunguza mchezo wa kufundisha sehemu za namba, wenye mishale inayopasua puto. Aliutengeneza kwa namna mbalimbali, katika kila namna ameondoa kitu kimoja, ili aone ni kitu gani hasa kinachovuta. Wavulana walipenda ile mishale ya kupasua puto. Wasichana hawakuipenda. Somo lilikuwa moja, hesabu zilikuwa zile zile, lakini hadithi iliyozunguka hesabu ilifungua mlango kwa mmoja na kuufunga kwa mwingine. Hapo ndipo narudia ile mifupa na silaha. Mchezo unaweza kufundisha kugawanya vizuri sana na wakati ule ule ukafundisha kwamba jibu la kila kitu ni kupiga. Kila mchezo unafundisha mambo mawili: lile ulilokusudia, na lile lililojificha katika sheria zake. Mzazi anayetaka kujua mchezo unamfundisha mtoto wake nini asitazame jina wala picha. Atazame pointi zinatolewa kwa kazi gani.

Sasa niwape habari ya kijana mmoja wa karibu. Simwiti wa mbali, kwa sababu maisha yake yangeweza kuwa ya kijana wa Mitwaba au wa Manono.

Anaitwa Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita kule Sudan ya Kusini katika miaka ya 1990, wakatembea kwa miguu kuelekea Uganda, na yeye akazaliwa njiani. Dada zake wawili walikufa katika safari ile. Akakua katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, miaka 22. Siku moja, mwaka 2007, pahali walipokuwa wanaandikisha wakimbizi, aliona kompyuta, ile tunayoiita hapa ordinatere. Akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Fikiri wewe mama unayenisikiliza: mtoto wa kambini, chakula ni cha kugawiwa, anasema anataka kompyuta. Mama yake hakucheka. Alikaa miaka mitatu akiweka akiba kidogo kidogo, bila kumwambia, mpaka akafikisha dola 300. Akainunua, akampa.

Lakini kambini hakukuwa na umeme. Kijana alikuwa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kutia moto katika kompyuta, na saa tatu kurudi. Akajifundisha mwenyewe. Kati ya michezo aliyoona mapema ulikuwa mmoja wa kuiba magari na kupiga watu risasi, unaojulikana duniani pote. Yeye alikuwa ametoka katika risasi za kweli. Akaona mambo mawili kwa mara moja: kwamba mchezo una nguvu kubwa sana juu ya kijana, na kwamba nguvu hiyo inaweza kugeuzwa. Akatengeneza mchezo wake, akauita Salaam, maana yake amani. Vijana wa kambini wakaanza kupeana wao kwa wao. Baadaye alifika Washington, akaanzisha kampuni yake, Junub Games, na mwezi wa Desemba 2018, katika sherehe kubwa ya zawadi za michezo ya video kule Los Angeles, alitajwa mbele ya dunia kwa kazi yake.

Mniruhusu nikae kidogo juu ya namna alivyoujenga mchezo wa Salaam, maana hapo ndipo penye somo. Anayecheza ni mkimbizi. Anakimbia, anakwepa hatari, na nguvu zake zinapungua. Anahitaji maji, chakula, dawa. Ni mchezo wa kukimbia, namna ambayo kila mtoto mwenye telefoni anaijua. Lual hakuanza kwa kusema: wakimbizi ni watu, tuwaheshimu. Amemtia mchezaji katika miguu ya mkimbizi na kumwacha akose maji. Na mpango alioueleza yeye mwenyewe ni kwamba mchezaji anapolipa pesa za kweli kununua maji ndani ya mchezo, pesa hizo zisaidie mkimbizi wa kweli kwa njia ya mashirika. Kukimbia kwenyewe ndiko kunakopendeza. Ni kisolo tena: kitu unachotaka kufundisha ndicho kinachoendesha mchezo.

Mtangazaji: Basi mchezo unaweza kuleta amani, mwalimu?

Pole pole. Hapa lazima niseme ukweli, maana katika mambo haya kuna watu wanaouza matumaini kama chumvi.

Mwaka 2007 ulitoka mchezo unaoitwa PeaceMaker. Ulianza katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na mmoja wa watengenezaji wake, Asi Burak, ni Mwisraeli aliyekuwa katika jeshi la nchi yake. Mchezaji anachagua kuwa mkubwa wa serikali ya Israeli au rais wa Wapalestina. Kila siku kuna habari: bomu, maandamano, kizuizi cha barabara. Unaamua. Ukifurahisha watu wako peke yao, upande wa pili unawaka na unashindwa. Ukifurahisha upande wa pili peke yao, watu wako wanakuangusha. Unashinda tu kama pande zote mbili zimeridhika. Ni mchezo uliotengenezwa kwa akili sana, na watu waliucheza kwa kupenda.

Wachunguzi walipowapima wanafunzi waliocheza, waliona kitu cha kufikirisha. Wanafunzi wa nchi za mbali, kama Marekani na Uturuki, walitazama mambo kwa macho mapya baada ya kucheza. Lakini Waisraeli na Wapalestina wenyewe walijifunza habari nyingi za upande wa pili, na misimamo yao ikabaki karibu pale pale. Mtu aliyezika ndugu yake hageuzwi na mchezo wa saa moja. Mimi siwalaumu, wala siulaumu mchezo. Ninachokisoma hapo ni kwamba ukitaka mchezo umfanye mtu afikiri juu ya kidonda chake, usiweke kidole katikati ya kidonda. Pita pembeni.

Tujaribu basi kufikiri pamoja juu ya mchezo wa hapa kwetu. Sisi Kamina ni watu wa reli. Njia tatu zinakutana hapa: moja inakwenda Lubumbashi, moja inapanda Mwene-Ditu na Kananga, moja inakwenda Kabalo na Kalemie. Na reli hii imebeba uzito mkubwa. Mwaka 1992 na 1993, watu waliotoka Kasai walipofukuzwa katika miji ya Katanga, maelfu walilala stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na njia ya kwenda kwao ilipita hapa. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka. Hata leo, gari-moshi likifika limejaa watu kutoka Kasai, maneno yanaanza sokoni kabla abiria hawajashusha mizigo.

Siwezi kuchukua jambo hilo jinsi lilivyo na kuliweka katika mchezo. Nani atakuwa Mukasai, nani atakuwa Mukatanga? Watoto watachagua makabila yao na tutakuwa tumepanda ugomvi juu ya meza. Lakini naweza kutengeneza mchezo wa stesheni. Wachezaji watatu, kila mmoja ni mkubwa wa njia moja. Mmoja ana mahindi, mmoja ana samaki wakavu, mmoja ana chumvi. Kila njia inahitaji vitu vyote vitatu, na mabehewa hayatoshi. Kila zamu unavuta karatasi ya habari: daraja limevunjika, mashine imekufa, au uvumi. Uvumi unasema: “Njia ya pili wameficha mahindi.” Unaweza kulipa mbegu moja kumtuma mtu aende kuangalia, na unapoteza zamu. Au unaweza kufunga njia yao mara moja, ukanyang’anya mbegu mbili papo hapo. Ukifunga, baada ya zamu mbili chumvi yao haikufikii. Njia yoyote ikikaa zamu tatu bila kupata kitu, wote watatu wameshindwa. Kama wote wamefika mwisho, mwenye mbegu nyingi ndiye mshindi.

Mtangazaji: Lakini hapo si unamfundisha mtoto kufunga njia? Unampa mbegu mbili!

Ndiyo, nampa, na nitakuambia kwa nini. Mtu anayetengeneza mchezo wa amani hujaribiwa kuufanya ubaya uwe bure, usiwe na faida yoyote. Mtoto akifunga njia, anapigwa mara moja. Akisaidia, anapewa maua. Baada ya zamu mbili mtoto ameelewa mwalimu anataka nini, anafanya hivyo bila kufikiri, na anachoka. Kisha anatoka nje na kukuta kwamba duniani kunyang’anya kuna faida, angalau kwa siku ya kwanza. Atasema mchezo ulimdanganya, na atakuwa na haki. Lazima kishawishi kiwe cha kweli. Lazima mbegu mbili zimlambe mdomo. Hapo tu ndipo kuzikataa kunakuwa uamuzi wake.

Na uvumi vile vile. Kama kila uvumi katika mchezo ni uongo, mtoto ataacha kuuhofia mara ya tatu. Basi weka nyingine za kweli. Kweli kabisa: kuna mara ambapo njia ya pili wameficha mahindi, na aliyetuma mtu kuangalia anarudi na habari mbaya. Sasa atafanya nini? Hapo watoto wataanza kugombana kwa maneno, kubembelezana, kuahidiana, kuvunja ahadi. Hiyo kelele ndiyo mchezo. Mwalimu asiwanyamazishe. Angoje mpaka waishe, kisha aulize tu: “Wewe, kwa nini ulifunga zamu ya nne? Ulikuwa umeona, au ulikuwa umesikia?” Maongezi hayo ya baadaye yana kazi kubwa kama mchezo wenyewe, na ndiyo yanayosahauliwa sana.

Mmeona kwamba mpaka hapa sikusema kompyuta. Mchezo huu wote unaweza kuujaribu kwa maharage, vifuniko vya chupa na katoni ya sabuni. Na ni lazima uanze hivyo, hata kama baadaye utauingiza katika telefoni. Kubadilisha sheria juu ya katoni ni kazi ya dakika moja kwa kalamu. Kuibadilisha katika programu ni kazi ya siku nyingi. Weka watoto wanne watano, wavulana na wasichana, wachezeshe, na wewe fumba mdomo. Usiwaulize kama wameupenda, maana watakujibu ndiyo kwa heshima. Mtoto wa hapa hawezi kumwambia mtu mkubwa kwamba kazi yake mbaya. Angalia tu kama wameomba kurudia. Wasipoomba, rudi nyumbani ukafikiri upya.

Wengine watasema michezo ya Kiswahili kwa watoto wetu haiwezi kutengenezwa vizuri. Imekwisha kutengenezwa. Kuanzia mwaka 2017, kule Tanga, Tanzania, yalifanyika mashindano ya Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 3,000 katika vijiji kama 170 walipewa tableti zenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, na mitambo ya jua ya kuzitia moto. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamekwenda masomo hata siku moja, na zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, hesabu hiyo ya wasioweza ilipungua nusu. Mwaka 2019 zawadi ya kwanza iligawanywa kwa makundi mawili, onebillion na Kitkit School. Kitkit School ni kazi ya mume na mke kutoka Korea, Gunho Lee na Sooinn Lee, ambao kwanza walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya michezo ya video. Walijua kumfurahisha mchezaji kabla hawajajua kumfundisha, na mimi naona hiyo iliwasaidia.

Nusu ilibaki, hilo nalo tuseme. Tableti haikai pahali pa mwalimu.

Lakini programu za mashindano yale zilitolewa bure, na mtu anayejua kazi anaweza kuzifungua na kuzibadilisha. Sauti ile inasema Kiswahili cha Tanzania. Mtoto wetu anasema bukari, pale wanasema ugali; yeye anasema anakwenda masomo, pale wanasema anakwenda shule. Kwa mtoto anayeanza kusoma, maneno hayo si kitu kidogo. Akisikia sauti inayosema kama mama yake, anakaa. Kijana wa chuo kikuu hapa Kamina anayesoma mambo ya ordinatere angeweza kuifanya kazi hiyo ya kubadilisha sauti. Kuna pia programu ya bure ya Scratch, ya watu wa MIT, iliyotoka mwaka 2007, ambayo kijana anaweza kuitumia kujifunza kutengeneza mchezo wake wa kwanza bila hata kuandika maneno ya kompyuta. Sharti langu ni hili tu: mchezo wowote wa huku uweze kuchezwa bila mtandao, uingie katika telefoni ndogo, upelekwe kutoka telefoni hadi telefoni kwa bulutuzi, na usemwe kwa sauti, kwa sababu wengi tunaotaka kuwafikia hawajasoma.

Mtangazaji: Mwalimu, tuna barua moja hapa. Mama mmoja anaandika: “Mwanangu wa miaka tisa anacheza katika telefoni ya baba yake mchezo wa bunduki kila usiku. Je, nimpige marufuku?”

Mama, asante kwa barua. Sitakuambia umpige marufuku, maana ataucheza kwa jirani na hutajua. Kaa karibu naye jioni moja, mwambie akufundishe kuucheza. Atafurahi sana, na utacheza vibaya, na atakucheka. Katikati ya hapo muulize: “Huyu tuliyempiga ni nani? Alitufanya nini?” Huenda hatakuwa na jibu. Usimsaidie kulipata. Na kama nyumbani kuna mzee anayejua kisolo, leteni mbegu.

Mtangazaji: Saa yetu imefika. Anayetaka kujaribu mchezo wa stesheni aje hapa redioni mchana na katoni yake. Sheria tutamsomea taratibu aziandike. Juma lijalo, saa hii hii, tutaongea juu ya maji ya kisima na zamu za kuteka.